Mhariri, wafanyabiashara wadogo wanaouza nje wanaumizwa na karatasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua hii ni ndefu ila nikiikata itabaki lawama tupu na lawama tunazo za kutosha. Kila siku tunasikia wenye biashara ndogo wakihimizwa waingie onlaini wauze nje, watafute soko kubwa, wasing'ang'anie wateja wale wale. Mimi naunga mkono kabisa, natamani wengi wafike huko. Lakini sijaona mtu anakaa nao chini awaambie kwamba ukishavuka mpaka sheria inayokulinda inaweza isiwe ile unayoijua, mahakama sio ile, lugha sio ile, na aliyekudhulumu yuko mahali ambapo kumfuata tu kunakula hela nyingi kuliko deni lenyewe.

Kazi yangu ni kuandaa nyaraka za watu wanaotuma mizigo nje, na wengi wao ni wadogo, mtu na mkewe, au marafiki wawili watatu waliochangishana mtaji. Ninachokiona ni kwamba karibu kila aliyeumia aliumia siku ile ya kukubali oda, mzigo ukiwa bado uko stoo kwake. Baadaye anakuja na machozi anauliza ashtaki wapi, na kwa bahati mbaya jibu huwa limeshaandikwa kwenye karatasi ambayo hakuisoma.

Nitoe mfano wa karatasi moja niliyoletewa. Oda ilikuja kwa imeili, ukurasa wa mbele una mambo mazuri tu, idadi, bei, tarehe ya kupakia. Chini kabisa kuna mstari mmoja wa maandishi madogo unasema oda hii inafuata masharti ya jumla ya mnunuzi yaliyoko kwenye tovuti yake. Muuzaji hakuyafungua, na simlaumu, bei ilikuwa nzuri na alishaanza kupiga hesabu ya mzigo wa pili. Tulipoyafungua pamoja tukakuta malipo ni siku 90 baada ya mnunuzi kukagua mzigo, mnunuzi mwenyewe ndo anaamua kama ubora umefikiwa, na ugomvi wowote utasikilizwa na mahakama za mji wa mnunuzi peke yake kwa sheria za huko. Jamaa alikuwa ameshajibu kwenye simu "nimekubali, asante sana". Ule ujumbe wa maneno matatu unaweza ukawa ndo mkataba, maana sheria za nchi nyingi hazidai mkataba wa kuuziana bidhaa uwe na muhuri wala wino, mnaweza mkafungana hata kwa meseji za simu.

Sasa watu wengi wanadhani kukiwa hakuna mkataba wa maandishi basi hakuna sheria. Ipo, tena ya kimataifa. Kuna mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu kuuziana bidhaa kimataifa, ulipitishwa Vienna mwaka 1980 ukaanza kazi tarehe 1 Januari 1988, na nchi zaidi ya 90 zimeshajiunga. Kama muuzaji na mnunuzi wote wako kwenye nchi wanachama, huo mkataba unawahusu wenyewe bila kuutaja popote, isipokuwa kama mmekubaliana kuutoa. Na wapo ambao hawamo, Uingereza kwa mfano haijajiunga mpaka leo, kwa hiyo huwezi kudhani tu, inabidi uangalie nchi yako na nchi ya mwenzako. Faida yake ni kwamba uko sawa kwa pande zote, hauegemei sheria ya mkubwa. Lakini una meno pia, ukinunua mzigo unatakiwa uukague mapema kadiri hali inavyoruhusu, ukiona kasoro umwambie muuzaji ndani ya muda unaofaa tena useme kasoro ni ipi, na kwa vyovyote miaka 2 tangu upokee mzigo ikipita bila kumwambia umepoteza haki ya kulalamika kuhusu hiyo kasoro, labda kama kulikuwa na garantii ya muda mwingine. Nimeona waagizaji wadogo wanapokea katoni wanazipanga stoo bila kufungua, wanakuja kufungua mteja akishalipa, wanakuta nusu ni mbovu, na muuzaji huko aliko anajibu kwa kifupi kwamba umechelewa kusema.

Niseme kidogo na habari ya kushtaki maana hapa ndo watu wanakata tamaa. Tuseme umeshinda kesi kwenye mahakama ya kwenu, umepewa hukumu nzuri yenye muhuri. Mali za mdaiwa ziko nchi nyingine. Hiyo hukumu haitembei yenyewe, lazima mahakama ya kule ikubali kuitambua, na kama nchi zenu hazina makubaliano yoyote unaweza ukalazimika kuanza upya kule kule. Kuna mkataba wa The Hague wa mwaka 2019 wa kutambuana hukumu ambao ulianza kufanya kazi tarehe 1 Septemba 2023, ila wanachama bado ni wachache. Usuluhishi wa nje ya mahakama una njia pana zaidi, mkataba wa New York wa mwaka 1958 una nchi zaidi ya 170, na uamuzi wa msuluhishi kwa kawaida unatambuliwa kwenye nchi hizo zote. Ndo maana mikataba mikubwa mingi inapenda usuluhishi. Lakini mdogo afanyeje? Kufungua tu shauri kwenye mahakama ya usuluhishi ya ICC, yaani Chemba ya Kimataifa ya Biashara kule Paris (sio ile mahakama ya jinai), ni dola 5,000 ambazo hazirudi, hapo hujalipa msuluhishi wala loya. Mtu anadai dola 3,000 za mzigo, hizo 5,000 anazitoa wapi?

Hili ndo linaloniuma kuliko yote, Mhariri. Haki ya mdogo haijakataliwa na mtu, imewekewa bei tu ambayo haimudu. Na wanunuzi wasio waaminifu wanalijua hilo vizuri mno, anabakiza asilimia kumi au ishirini ya malipo anakwambia mzigo ulikuwa na kasoro, anajua hutamfuata. Yaani hilo punguzo anajipa mwenyewe na anarudia kwa kila muuzaji mdogo anayempata.

Na dawa ipo, wenzetu wameshaanza. Ndani ya Umoja wa Ulaya kuna utaratibu wa madai madogo ya kuvuka mpaka, madai yasiyozidi euro 5,000, unajaza fomu, mengi yanakwenda kwa maandishi, sio lazima uwe na wakili, na hukumu inatambuliwa nchi nyingine wanachama bila mzunguko wa pili (isipokuwa Denmark ambayo haimo kwenye huo utaratibu). Kwa nini jumuiya nyingine za kiuchumi zinazohubiri soko la pamoja zisiwe na kitu kama hicho? Wanasaini makubaliano ya ushuru, wanapiga picha, lakini mtu wa mzigo mmoja akidhulumiwa na mtu wa nchi jirani hakuna mlango wa kugonga. Naomba wabunge na mawaziri wa biashara wanaosoma gazeti hili walichukue hili kwa uzito, soko bila mahali pa kudai ni soko la wenye nguvu tu.

Mpaka hiyo siku ifike, mdogo ajilinde kwenye malipo. Aombe sehemu ya hela kabla ya kupakia. Kama mzigo ni mkubwa atumie barua ya dhamana ya malipo ya benki, ile wengi wanaiita L/C, ila nayo aijue vizuri kwa sababu inaumiza wasiojipanga. Benki zinafuata kanuni za ICC zinazoitwa UCP 600, zinazotumika tangu Julai 2007, na msingi wake ni kwamba benki inaangalia nyaraka, mzigo wenyewe hauihusu. Mzigo unaweza kuwa mzima kabisa, ila invoisi imeandika bidhaa kwa maneno tofauti na yaliyoko kwenye L/C, au hati ya meli ina tarehe ya kupakia iliyopita siku iliyopangwa, benki inazo siku 5 za kazi za kukagua na ikiona tofauti inakataa kulipa. Nilishaona mtu anahangaika wiki nzima kwa sababu ya jina la mnunuzi lililokosewa kwenye cheti cha asili ya bidhaa, mzigo uko bandarini huko, gharama za kontena zinapanda kila siku, na mnunuzi naye akaona upenyo akaanza kuomba apunguziwe bei. Ukipokea L/C isome siku hiyo hiyo, mstari kwa mstari, na kama kuna sharti huliwezi omba libadilishwe kabla hujapakia.

Halafu kuna zile herufi tatu. Watu wanaandika EXW, FOB, DAP, DDP kwenye invoisi kwa mazoea tu, kwa sababu invoisi ya zamani iliandika hivyo. Hizo ni Incoterms, toleo linalotumika sana sa hivi ni la 2020, ziko 11, na kila moja inasema nani analipia nini na hatari ya mzigo inahama wapi. Ukiandika DDP umejifunga kufikisha mzigo huku ushuru na kodi za kuingiza umelipa wewe, kwenye nchi ambayo hata namba ya mlipa kodi huna. Mwenzio anafurahi, wewe unapata bili ya forodha inayomaliza faida yote. EXW nayo inaonekana nyepesi kwa muuzaji, njoo uchukue mlangoni kwangu, lakini kwa kanuni zake mnunuzi ndo anatakiwa ashughulikie hata kibali cha kutoa mzigo kwenye nchi yako, na mgeni mara nyingi hawezi kisheria kufanya hivyo, basi mzigo unakwama. Tena hizo herufi hazisemi umiliki wa mali unahama lini wala nini kitatokea mtu asipolipa, hayo lazima yaandikwe pembeni kwenye mkataba.

Forodha nayo ina mtego wake. Kila bidhaa ina namba, mfumo wa HS wa Shirika la Forodha Duniani, tarakimu 6 za mwanzo ni zile zile dunia nzima halafu kila nchi inaongeza zake. Ukikosea namba unaweza kulipa ushuru mkubwa usiostahili, au ukalipa mdogo halafu ukaguzi ukaja miaka miwili mbele na faini juu. Mtu anatuma mfuko uliotengenezwa na nyuzi za mmea na kitambaa cha pamba, je ni bidhaa ya nyuzi au ya pamba au ni mkoba? Majibu matatu, viwango vitatu vya ushuru. Kitu ambacho wadogo hawaambiwi ni kwamba mkataba wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) wa kurahisisha biashara, ulioanza tarehe 22 Februari 2017, unazitaka nchi wanachama zitoe uamuzi wa mapema, yaani unaandika kuomba forodha ya nchi unayopeleka ikwambie namba ya bidhaa yako kabla hujatuma, na jibu linawafunga wao kwa muda. Mkataba huo huo unakupa haki ya kukata rufaa dhidi ya uamuzi wa forodha. Haki hizo zipo na makampuni makubwa yanazitumia kila siku, mdogo yeye anaambiwa na wakala "andika tu hii, wote wanaandika hii".

Wanaouza moja moja kwa wateja wa mtandaoni ndo wamepigwa zaidi miaka hii kwa sababu sheria zinabadilika wakiwa wamelala. Zamani kifurushi kidogo kilikuwa kinapita tu. Australia ilianza tarehe 1 Julai 2018 kutoza GST, kodi yao inayofanana na VAT, kwenye vifurushi vya bei ndogo na muuzaji wa nje akifikisha mauzo ya dola 75,000 za huko kwa mwaka lazima ajisajili. Umoja wa Ulaya tarehe 1 Julai 2021 ukaondoa ule msamaha wa VAT wa euro 22. Marekani ilikuwa inaruhusu vifurushi vya hadi dola 800 bila ushuru tangu 2016, tarehe 29 Agosti 2025 ikasitisha msamaha huo kwa nchi zote, na posta za nchi nyingi zikasimamisha kwa muda kupokea vifurushi vya kwenda huko kwa sababu hazikuwa na mfumo wa kukusanya huo ushuru. Fikiria fundi anayetegemea wateja wa nje kwa vifurushi, leo anatuma kesho posta inamwambia haipokei. Tangazo linatoka mwezi mmoja kabla, kwa lugha ya wanasheria, nani atamfikishia?

Na sio kodi peke yake. Mteja wa Umoja wa Ulaya aliyenunua onlaini kwa kawaida ana siku 14 za kughairi ununuzi na kurudisha bidhaa bila kutoa sababu, na kama muuzaji hakumjulisha hiyo haki basi muda unaongezeka miezi 12. Unaweza ukaandika kwenye tovuti yako kwamba sheria ya nchi yako ndo inatumika, lakini kama biashara yako imelenga wateja wa kule, kwa kutumia hela yao au lugha yao au kutangaza kufikisha mzigo kwao, mahakama zao zitampa mteja kinga zote za sheria ya kwao. Tangu tarehe 13 Desemba 2024 bidhaa nyingi za kawaida haziruhusiwi kuuzwa huko kama hakuna mtu au kampuni iliyoko ndani ya Umoja wa Ulaya inayowajibika kwa usalama wake, na jina na anwani yake vionekane kwenye bidhaa au kifungashio. Kumlipa mtu wa kukuwakilisha ni gharama ya kila mwaka. Mimi sipingi usalama wa mlaji, hata kidogo, mtoto wa mtu anaweza kuumia na mdoli mbovu. Ila mzigo wa sheria hizi ni ule ule kwa anayeuza vipande 40 na anayeuza milioni nne, na yule wa 40 hana idara ya sheria.

Jina la biashara pia walisajili mapema jamani. Alama ya biashara uliyosajili kwenu inalindwa kwenu tu. Nchi nyingi anayewahi kusajili ndo mwenye haki, kwa hiyo mnunuzi au msambazaji wako anaweza kulisajili jina lako kwake na siku mkikosana akakuzuia wewe kuingiza bidhaa yenye jina lako mwenyewe. Ukishaomba usajili kwenu, mkataba wa Paris wa 1883 unakupa miezi 6 ya kuomba nchi nyingine ukahesabiwa tarehe ile ile ya kwanza, na mfumo wa Madrid unakuwezesha kuomba nchi nyingi kwa fomu moja kama nchi yako ni mwanachama. Na ukimpata wakala wa kukuuzia kule, andikianeni kabla hajaanza, kwa sababu Ulaya tangu sheria yao ya mwaka 1986 wakala anayejitegemea akiachishwa anaweza kudai fidia hata kama hamkuwahi kuandikiana chochote kuhusu fidia.

Basi ombi langu kwako Mhariri ni hili. Gazeti lako linafika mahali ambapo ofisi za wanasheria hazifiki, tengeni hata robo ukurasa kwa wiki mwandike sheria za biashara ya nje kwa Kiswahili cha watu, sheria gani imebadilika, inaanza lini, inamgusa nani. Kituo cha Biashara cha Kimataifa, ITC kule Geneva, kilitoa mwaka 2010 mikataba ya mfano kwa ajili ya kampuni ndogo, ya kuuziana bidhaa, ya usambazaji, ya uwakala, na mtu yeyote anaweza kuipakua. Tafuteni wanasheria wawili watatu wenye moyo waieleze kifungu kwa kifungu kwa lugha yetu, mkianzia na vifungu vya malipo, ukaguzi wa mzigo na mahali pa kusikilizia ugomvi, maana hivyo vitatu ndo nakutana navyo mezani kila mtu akija kulia. Vyama vya wanasheria navyo viweke siku moja kwa mwezi ya kusoma mikataba ya wadogo kwa bei ndogo au bure, kusoma kurasa nne hakumalizi nusu saa ya loya na kunaweza kuokoa mtaji wa familia nzima. Mimi niko tayari kuleta mifano ya nyaraka, majina yakiwa yamefutwa, ili waandishi wenu waone zinavyofanana.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwandaaji wa nyaraka za mizigo